Sufuria yangu imebaki duara

Wamama wenzangu, leo nimejiharibia kazi kwa mikono yangu.

Ile sufuria kubwa ya uji wangu wa kuuza, mnaijua, ilitoboka chini. Shimo dogo tu, kama harage.

Mzee Okumu, yule hugonga sufuria hapa Kambi Muru, akaniambia, "Mama Akinyi, ngoja Ijumaa. Nitaweka kiraka kwa nyundo, bila moto."

Ijumaa! Na watoto wangu wakule nini?

Nikaipeleka Sarang'ombe kwa jamaa anayechomea watu milango ya chuma. Akacheka.

"Dakika mbili tu, mathe."

Akawasha gesi. Akangoja alumini ya sufuria iwe nyekundu kama chuma. Mimi pia nikangoja, si nilidhani anajua?

Haikuwa nyekundu hata kidogo; kumbe alumini huyeyuka kabla ya kuwa nyekundu.

Chini yote ikaanguka mara moja, pwaa!

Jamaa akazima gesi. Mimi nikaketi hapo hapo kwa vumbi.

Nikarudi kwa Mzee Okumu na ile iliyobaki. Akapitisha mkono ndani, ukatokea upande ule mwingine.

"Mama, kiraka hugongwa juu ya kitu."

Kesho asubuhi msinitafute kwa kona yangu ya uji pale Olympic. Mwenye sufuria kubwa ya kuniazima aniambie leo, tafadhali.

Unga nilikuwa nimeshaloweka.