Shuka la Ukutani kwa Menashe

Zehava Ohayon alikuwa na picha sita kati ya zile saba ziitwazo Ngazi za Haifa, na ya saba ndiyo iliyomnyima raha. Mchoraji Menashe Gelber alizichonga mwenyewe kwenye mabati ya shaba, akachapa nakala chache za kila moja, akazitia namba na sahihi kwa penseli, kisha akayakwaruza mabati kwa msumari ili isichapwe tena hata moja. Nakala za ile ya saba zilinunuliwa zote siku ambayo Zehava alikuwa zamu katika duka la dawa la mtaa wa Hadar. Tangu ujanani mshahara wake ulikuwa ukiishia kwenye kazi za wachoraji wa nchi yake. Kila Ijumaa asubuhi ungemkuta jikoni kwa Menashe na mkewe Bruria, anakunywa kahawa na kutazama karatasi zikikauka kwenye kamba. Alijiita rafiki wa nyumba ile, na jina hilo alilionea fahari kuliko picha zote.

Kisha Menashe akafa. Zehava alipanda kwenda matangani na sufuria ya dengu. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, kama inavyopasa Wayahudi wanapofiwa, na Bruria alikaa kwenye kigoda, ukosi wa blauzi umechanwa. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa mashuka, ili mfiwa asijitazame. Dada yake Bruria, mwanamke asiyejua kufanya jambo nusunusu, alikuwa amezifunika na picha pia, hata hukuweza kutambua ukutani kipi ni kioo na kipi ni kazi ya marehemu.

Zehava aliketi kimya, maana mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze. Wageni wawili waliokuwa kwenye sofa hawakuwa na adabu hiyo. Mmoja alikuwa Ofer Shilon, dalali wa picha kutoka Tel Aviv, na mwenzake Lanir, daktari wa meno mwenye nyumba iliyojaa fremu. Walikuwa wakitafuna bureka za mfiwa, zile sambusa za jibini, huku macho yao yakitembea kutoka shuka hadi shuka.

"Ile kubwa ndiyo ya bandarini, au?" Lanir alinong'ona.

"Nitajuaje? Inua kidogo uone."

"Inua wewe bwana, mimi mikono ina mafuta."

Mwishowe aliinuka Lanir huyohuyo. Akajifuta vidole kwenye shuka lenyewe, akalinyanyua pembe, akachungulia, akamkonyeza mwenziwe. Zehava aliwaona kinyaa. Watu gani hawa, uso mkavu kiasi hiki, wanammezea mate maiti! Akawaita jikoni.

"Nyinyi hamna haya? Udongo wa kaburi lake haujakauka."

"Zehava, mama, usijitie utakatifu," alisema Ofer. "Wewe unazo sita ukutani."

"Mimi nimekuja kumlilia Menashe."

"Basi lia, nani amekuzuia? Sisi tunatazama tu."

"Katazameni kwenu. Makoti yenu haya hapa."

Alihakikisha wamemwambia Bruria maneno ya faraja ambayo kila mgeni, hata awe fisi, hupaswa kuyasema kabla ya kuondoka, akawasindikiza mpaka ngazini. Kisha akarudi kuosha vyombo vyao kwa maji ya moto, kwa hasira, kana kwamba wameviachia ugonjwa. Moyoni alijiona mtu safi.

Alipokuwa akienda msalani aliliona. Karibu na mlango wa chumba cha kulala palikuwa na shuka dogo limebanwa kwa pini, upana uleule na urefu uleule wa zile picha zake sita. Mate yakamjaa mdomoni. Alijiambia kwamba shuka limekaa upande, kwamba analinyoosha tu, na vidole vyake tayari vilikuwa vimeshika pembe. Akalinyanyua.

Alichokiona ni uso wa mwanamke mzee ametoa macho, mdomo wazi, mlafi. Ilimchukua muda kujitambua. Nyuma ya bega lake, ndani ya kioo hichohicho, alikuwa amesimama Bruria na glasi ya chai.

"Hicho ni kioo," alisema Bruria.

"Nilikuwa nanyoosha tu, mpenzi wangu. Lilikuwa limekaa upande."

"Ya saba iko chini ya kitanda." Bruria hakupandisha sauti. "Menashe alikuwekea nakala yake mwenyewe tangu siku aliyoichapa."

"Tangu siku ile? Mbona hakunipa?"

"Aliogopa. Alisema ukishakamilisha zote hutakuja tena Ijumaa." Akanywa chai kidogo. "Nilimbishia miaka yote hiyo. Nilimwambia, Zehava si kama wale."

Akamwangalia kidogo, kisha akasema, "Ichukue ukitoka," akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Zehava alilishusha shuka, akalibana pini vizuri. Kinyaa kilikuwa kimempanda tena, na safari hii hakikuwa cha Lanir wala Ofer. Akaingia chumbani, akapiga magoti sakafuni, akanyoosha mkono chini ya kitanda.