Dawa Iliyorudi Nyuma

Sijui nitasimuliaje haya bila kujifunika uso, lakini ninyi ni watu wangu, chekeni tu: nilikaribia kuvunja ndoa ya ami yangu kwa picha ya tumbo.

Mimi ni mpiga picha za CT katika kliniki moja hapa Jinja. Kupiga, si kusoma, kusoma ni kazi ya daktari (nililijua hilo vizuri mno, ndiyo maana sina pa kujitetea). Ami Swaleh, mdogo wa marehemu baba, alikuja kutoka Mpumudde akilalamika tumbo, wiki moja kabla ya kumuoa Bi Zaituni wa Mbale. Nikamlaza, nikamuunganisha na mashine inayosukuma dawa mshipani ili picha zionekane vizuri, nikabonyeza. Daktari alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa, na mimi badala ya kumngoja nikainamia skrini nikijikuna kidevu kama profesa.

Nikaona dawa, ambayo ilipaswa kupita moyoni na kwenda zake, imerudi nyuma hadi mishipa ya ini. Chuoni tulifundishwa kwamba upande wa kulia wa moyo ukishindwa kusukuma, damu hurudi huko. Basi, nikajiona nimevumbua kitu.

"Ami," nikasema kwa sauti ya msibani, "tumbo tuliache. Moyo wako umechoka."

"Moyo yangu? Na harusi je?"

Nikatikisa kichwa (wala hakuna aliyeniomba nitikise).

Ukoo wetu hauwafichi wakwe ugonjwa wa bwana harusi, kwa hiyo wazee wakanituma Mbale, mimi "daktari wetu", nikaenda na kanzu iliyopigwa pasi, nikawaonyesha kaka zake Bi Zaituni picha kwenye simu, nikawaeleza mishipa mpaka chai ikapoa. Wakasema harusi isimame kwanza. Bi Zaituni akatokea mlangoni.

"Huyu mzee amepanda kilima yetu mara tatu na hapana hema hata kidogo. Nendeni mupime yeye vizuri. Mimi nangoja."

Ami naye hakula siku tatu. Alikwisha kumwonyesha dada yangu kabati lenye sanda, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jumatatu daktari akampima moyo kwa altrasaundi, Ami akiwa amefumba macho. "Mzima kabisa," akasema. "Tumboni ni kijiwe tu cha figo." Kisha akanigeukia. "Dawa ulisukuma kwa kasi gani?"

Nikaenda kutazama mashine. Ilikuwa bado kwenye kasi ya mgonjwa aliyetangulia, wa mishipa ya mapafu, ambaye husukumiwa mbio sana, na mimi sikuipunguza.

"Kwa kasi hiyo," daktari akasema, "hata moyo wa fahali utarudisha."

Ami akafumbua macho. "Kumbe ni mkono yako, bwana!"

Nikarudi Mbale kumeza maneno yangu, sebule ileile, kaka walewale, safari hii bila chai. Siku ya nikaha shehe alipouliza kama kuna mwenye neno, ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi.

Siku hizi naisoma kasi kwa sauti kabla ya kubonyeza, na mgonjwa akiniuliza picha inasemaje, najibu: mngoje daktari. Ila Ami hajanisamehe kikamilifu. Kila akija kwangu husimama katikati ya ngazi, akashika kifua, akanitumbulia macho mpaka nidondoshe nilichoshika, halafu akapanda zilizobaki mbiombio.