Barua Isiyo na Nafasi

Katibu muhtasi mstaafu alikuwa na sheria moja nyumbani: kompyuta yake haiguswi na mtu. Siku moja aliporudi kutoka sokoni, alikuta vumbi la mbao kwenye vitufe. Akafungua orodha ya mafaili ya karibuni. Moja lilikuwa limehifadhiwa saa nne asubuhi, yeye akiwa sokoni, na lilikuwa na mstari mmoja tu: "Mkewangumpenziasantekwamiakathelathini".

Akamwita mumewe, fundi seremala. "Baba watoto, nani amegusa kompyuta yangu?"

"Labda panya, mama."

"Panya ndiye ananiita mke wangu mpenzi? Tena bila kuacha nafasi?"

Uso ukamshuka mzee kwa haya. "Hiyo nafasi inatoka wapi? Nimeitafuta wiki nzima."

Mama akamshika kidole, akakiweka juu ya kitufe kirefu. "Hiki hapa. Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, ingekuwa siri tena?"

Mzee alikuwa amepanga kumsomea mkewe barua hiyo Jumapili, siku ya kuadhimisha ndoa yao, mbele ya watoto. Siri ilipofichuka, hakuandika tena. Sheria ya mama ilisimama, na ikamgharimu mama sehemu yote ya barua iliyobaki.