Mûrier za Chef wa Rughenda

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Rughenda mjini Butembo, sikupewa jembe. Chef wa pépinière, ni kusema bustani ya Serikali ya kukuza miche, aliniwekea matunda madogo madogo juu ya jani la ndizi.

"Masika, kula kwanza," alisema. "Kama weye mwenyewe haupendi, utapatia mutu mwingine namna gani?"

Nikala. Moja lilinikunja uso mzima. Chef akacheka, akasema hilo libaki mlimani. Ndivyo tulivyochagua, vijana wangu: ulimi kwanza, jembe baadaye.

Kila mtu wa Butembo alikuwa na avoka na maracuja, ni kusema pasheni. Chef alitaka vichaka ambavyo hakuna mtu alifikiri kuvipanda nyumbani: mbuma, lile tunda la njano linalojifunga ndani ya ganda kama karatasi, goyave-fraise, pera dogo jekundu, na mûrier, yenye majani mapana na matunda meusi laini yanayochafua vidole. Kichaka kipya kilipita kwanza kiangazi bila kumwagiliwa, kisha mbuzi wa Chef walikionja. Kilichopona tulikikata bouture, kipande cha tawi chenye macho, tukakichomeka kwenye sachet, kifuko cha plastiki cha udongo mweusi. Chef alikata mara moja, mshazari, ganda lisibanwe. Mpaka leo sijaona mikono kama ile. Watu wa uwanja wa ndege, majirani zetu, walitutania: ninyi mnalisha ndege ipi, yenye manyoya ao yenye moteri?

Kisha nilitumwa Oicha. Kule nilipanda mûrier chini ya kakao, nikavuna majani matupu. Nikajifunza kuipeleka juani, karibu na jikoni, pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Niliporudi Rughenda, Chef alikuwa amekwisha pumzika kazi na miguu haikumbeba tena. Aliniomba jambo moja tu: "Ile mistari ya bichaka, hapana acha baikate."

Kwenye nafasi yake alikaa Inspecteur, aliyetumwa kutoka Kasai. Mtu wa heshima, wa kazi. Alizunguka bustani, akasimama mbele ya mûrier.

"Mama Masika, Serikali inatulipa juu ya chakula ya ndege? Batu banaomba eucalyptus. Mvua ikianza, ung'oe hii yote."

Hakusema uongo. Watu walikuja kutaka eucalyptus. Matunda ya vichakani yalikuwa ya wachunga mbuzi, na mama mwenye kujiheshimu hakuyapanda kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba yake. Roho iliniuma sana. Maisha ya mzee yalikuwa kwenye mistari ile, na mimi sikuthubutu kumpelekea habari hiyo.

Mwezi ule barabara ilifungwa, mjini tukakosa hata sucré, zile soda za chupa. Pasteur wetu alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ni shemasi, akiuliza tutaweka nini kwenye Meza ya Bwana. Nikamwonyesha mûrier, zilikuwa zimejaa.

"Mais Bwana alikunywa ya muzabibu," alisema.

"Na mwezi uliopita tulikunywa sucré, Pasteur. Muzabibu ilikuwa wapi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akachuma moja, akala, akachuma jingine.

"Donc, kamua. Mais muchunge kitambaa ya Meza."

Jumapili, Inspecteur alikaa benchi ya mbele. Alikunywa, kisha akatazama ndani ya kikombe. Jumatatu asubuhi alinikuta kwenye mistari.

"Mama, ile ya jana ilitoka wapi?"

"Ni ile chakula ya ndege, Inspecteur."

Aliinamisha kichwa akicheka, akaniomba bouture za kumpelekea bibi yake Kasai. Eucalyptus ikapelekwa upande mwingine, kando ya lupango, uzio wa bustani. Namheshimu mpaka leo, maana wakubwa wengi wanaona haya kugeuza neno lao. Mvua ilipoanza, wamama wa kanisa walimaliza sachet zote za mûrier. Waliuita mti wa Meza.

Sasa nimepumzika hapa Bungulu, mtaa wa Beni, na majirani wananiuliza wapande nini. Beni ni joto, ninawaambia. Framboise ya mlimani, kile kitunda chekundu cha miiba, muiache Butembo kwenye baridi yake, hapa goyave-fraise itawafurahisha. Panda kichaka kimoja, kione mvua na kiangazi, ndipo uongeze. Kazi yangu niliipenda, na ninajivunia bila kujificha.

Lakini nikiikumbuka, ninarudi mchana wa Jumapili ile, tulipopeleka Meza kwa wagonjwa. Chef alikuwa kitandani. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu, wala juu ya Inspecteur, wala juu ya matunda. Pasteur akampa kikombe. Alikunywa, akafunga macho kwa muda mrefu, tukadhani anaomba.

"Masika," alisema.

"Ndiyo, Chef."

"Mulichuma mapema. Mungengoja siku mbili."

Kisha akanyoosha kikombe tena. Pasteur alinitazama, akakijaza.