Jenerali Hapigi Kelele

Mimi ni mwalimu wa historia, Mkenya niliyehamia Juba. Siku za maonyesho ya shule huvaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba nikawa jenerali wa kigeni wa zamani, yule aliyepandisha meli zake Mto Nile akidhani nchi yote ni yake. Koti nilishonewa soko la Custom. Upanga wenyewe ni bati.

Mwaka huu nilifanyia mazoezi uani kwetu, mtaa wa Juba Na Bari, nikibweka amri mpaka kuku wakakimbilia chini ya gari. Mama mwenye nyumba, mjane wa jenerali wa kweli, aliacha kuosha sufuria akanitazama.

"Ustaz, wewe iko sajini."

Nilipandwa na hasira. Sajini! Na koti lote hili?

"Jenerali hapana piga kelele," akasema. "Yeye nakaa tu. Nasema pole pole, watu nakimbia."

Nilinuna siku nzima, lakini maneno yale yaliniingia. Siku ya onyesho nikajikalia kwenye kiti cha plastiki mbele ya wazazi na wanafunzi, kimya, mpaka uwanja mzima ukanyamaza. Ndipo nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Chai."

Watu watatu waliinuka mbio. Wawili walikuwa askari wangu wa mchezo. Wa tatu alikuwa mkuu wetu wa shule, ambaye hakupewa sehemu yoyote ya kuigiza, na ndiye aliyetangulia kufika na kikombe. Sukari alikuwa ameshaikoroga.