Kisu cha Daktari na Visiki vya Baba

Miaka ile kila mtu kwetu alitaka kulima miwa, na baba yangu aliipanda hadi karibu na mlango wa jikoni. Ukienda kuchota maji ulipita katikati ya majani yanayokata mikono. Hapo ndipo mama aliponisimamisha mchana mmoja, akanishikisha uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Ulikuwa mdogo, mgumu kama punje ya mahindi makavu.

Tulienda hospitali mjini Kakamega mara mbili. Mara ya pili daktari alisema ni saratani, na kwamba ikikatwa mapema mama ana nafasi nzuri ya kupona. Akampa tarehe ya upasuaji. Kisha akamwambia ale vizuri, apumzike, atembee kidogo kila asubuhi, ili apate nguvu za kustahimili kisu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ni mimi niliyempelekea baba maneno hayo.

Alinisikiliza huku akichonga mpini wa jembe.

"Mimi nimelimanga miwa," akasema. "Muwa ukiukata, unachipukanga mara kumi. Hiyo kitu ikiguswa na kisu, itarudi na wenzake."

"Daktari amesema chakula ni cha kusaidia tu, baba. Kazi yenyewe ni upasuaji."

"Basi tutaanza na hicho cha kusaidia."

Akaanza kwelikweli. Sitamsingizia uzembe. Mtu ambaye hakuwahi kuosha hata kikombe sasa alichinja kuku kila Jumamosi, akasimama pale mpaka mama amalize supu. Alimletea maziwa na mboga ya mrenda. Asubuhi alitembea naye hadi barabarani, amemshika mkono, majirani wakiwacheka. Mama akanenepa, mashavu yakajaa. Akina mama wa kanisani wakasema anapona, nami nikanyamaza kwa sababu nilitamani sana iwe kweli. Kwa kimya kile najikasirikia hadi leo. Tarehe ya daktari ilifika ikapita, na hakuna aliyeitaja.

Mwezi uliofuata wakataji wa miwa waliingia shambani. Boma likabaki wazi, tukaonekana kutoka barabarani, na sikupenda kuonekana vile. Wiki tatu baadaye visiki vilikuwa vimechipuka, na baba akanionyesha kwa kidole kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku hiyohiyo mama aliinua mkono ajifunge kitambaa kichwani, mkono ukakwama. Akajipapasa kwapani, akakuta uvimbe mwingine. Kisha akauchukua mkono wa baba, uleule aliouzoea barabarani, akauweka pale.

"Gusa," akasema. "Na huu, nani aliukata?"

Baba hakuondoa vidole. Aliniuliza, bila kunitazama, kama daktari anaweza kutupatia tarehe ingine. Niliingia ndani kutafuta viatu vya mama.