Mtunzi wa programu ya bure aliyekula kiapo dhidi ya kazi yake

Ukoo wake haukuwa wa matajiri, bali wa watu wa kuaminika. Babu yake mzaa baba alikuwa mpanga barua wa posta, na mji mzima ulimjua kuwa mtu ambaye bahasha haikulala mikononi mwake. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani. Wachuuzi walimwogopa, wanunuzi walimwombea dua. Hakuna aliyeshangaa, basi, mjukuu alipochagua kazi ya kuzipanga barua pepe za watu asiowajua.

Saa mbili asubuhi yumo katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mkewe. Upande mmoja cherehani inanguruma. Upande wa pili ameinamia kompyuta ambayo herufi za kibodi yake zimefutika kwa kuguswa. Kwenye skrini hakuna picha wala vitufe, ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Anaandika amri moja, anabonyeza, na mamia ya barua pepe yanapachikwa lebo: HARAKA, FAMILIA, ANKARA, TAKATAKA.

Majirani wanamwita Lebo.

"Mama mkwe wangu hadi leo anawaambia watu kuwa mimi ni bawabu wa barua," anasema bila kucheka.

Programu hiyo ameitunga kwa zaidi ya miaka kumi. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kuurekebisha bila malipo. Maelfu wanautumia. Michango yao ya mwaka jana haikufikia bei ya cherehani kuukuu, na riziki yake inatokana na kutengeneza printa za maofisini.

"Kila mwaka ananiambia, nimalizie hiki kimoja tu, mama watoto," anasema mkewe, macho kwenye sindano. "Hicho kimoja sijakiona mwisho wake."

Mwaka huu mwisho ulikaribia kuwa mwema. Kampuni moja iliyojenga huduma yake juu ya programu hiyo ilimwahidi ajira ya kuitunza, kwa mshahara wa kila mwezi. Mkataba ulikuwa tayari, ukisubiri saini.

Kabla saini hazijatiwa, mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye hawajawahi kuonana naye na ambaye humwita Mjomba katika ujumbe, alimletea marekebisho ya kuongeza kasi. Kijana huyo alikuwa hodari, na kazi zake za nyuma zilikuwa safi. Lebo aliendesha majaribio yake ya kuipima programu, yote yakapita. Akayapokea marekebisho bila kuyasoma mstari kwa mstari.

Hapo ndipo aliponaswa. Mtumiaji wa programu hiyo huandika kanuni zake kwa mpangilio, na barua inayoguswa na kanuni mbili hupewa lebo ya kanuni ya juu. Marekebisho yaliugeuza mpangilio huo: kanuni ya chini ikawa ndiyo yenye kauli. Majaribio hayakuliona kosa kwa sababu kila moja lilikuwa na kanuni moja tu.

"Majaribio hayo niliyaandika mwenyewe," anasema. "Nilikuwa napima kwa mizani yenye sahani moja."

Miongoni mwa watumiaji ilikuwamo ofisi ndogo ya msaada wa kisheria. Kanuni yake ya kwanza ilisema kila barua ya mteja ni HARAKA. Ya mwisho ilisema barua isiyo na kichwa cha habari ni TAKATAKA. Wateja wake wengi hawaandiki kichwa cha habari.

Mjane mmoja alikuwa ameshindwa kesi ya nyumba dhidi ya shemeji zake. Aliipiga picha hukumu, akaituma ofisini akiomba wamkatie rufaa. Akatuma tena, na tena. Barua zote zikaenda kwenye takataka. Muda wa rufaa ukapita, na shemeji zake wakabadilisha kufuli.

Mwanasheria wa ofisi hiyo alipompigia Lebo simu, hakupandisha sauti.

"Kaka, barua zake tumezikuta, lakini tumechelewa. Mahakama inaweza kutuongezea muda ikipata kiapo cha mtu anayejua kwa nini hatukuziona. Utakula kiapo?"

Watunzi wenzake walimjia juu alipowaeleza kwenye jukwaa lao la mtandaoni. "Kaa kimya, mzee," mmoja aliandika. "Leseni inasema wazi: programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Hukumuuzia mtu." Mwingine akaongeza: "Ukikiri mahakamani, kampuni itakukimbia kama moto." Mwanafunzi naye aliandika faraghani: "Mjomba, nakuomba usinitaje. Natafuta kazi."

Kabla ya kujibu, Lebo alikwenda kumwona mjane, ambaye sasa anaishi kwa dada yake. Alimkuta sebuleni, mizigo yake imepangwa nyuma ya kochi. Akamweleza kanuni, mpangilio na majaribio. Akataja na leseni.

"Hiyo leseni yako, baba, ina vyumba vingapi?" dada mtu akadakia. "Maana dada yangu analala kwenye kochi."

Mjane alimnyamazisha kwa mkono. "Mwanangu, hayo yote siyajui. Mimi niliandika, nikangoja. Nikasema, hawa wana shughuli nyingi, nisiwasumbue. Kumbe nilikuwa jalalani."

Lebo anaikumbuka safari ya kurudi. "Leseni inanilinda mimi," anasema. "Yeye haimlindi na kitu. Nilipokuwa mlangoni, niliona aibu hata kuvaa viatu."

Alikula kiapo wiki iliyofuata. Jina la mwanafunzi halimo. "Aliyependekeza ni yeye, aliyepokea ni mimi."

Kampuni ilivunja ahadi kwa barua pepe ya mistari mitatu. Baadhi ya watunzi wenzake wameunakili msimbo na kuuendeleza kwa jina jingine, lisilo na doa. Mwanafunzi amepata kazi katika kampuni hiyo hiyo, na tangu hapo hajamwandikia Mjomba wake hata shikamoo.

"Nilikasirika sana," anakiri mkewe. "Mshahara ule nilikuwa nimeshaushonea mapazia ya nyumba ambayo hatujaipanga. Lakini angekaa kimya, ningelala na nani kitanda kimoja?"

Ombi la mjane litasikilizwa mwezi ujao. Lebo yuko tayari kuitwa na kuhojiwa. Wakati huohuo anaandika majaribio mapya, kila moja likiwa na kanuni mbili zinazogombana, na hapokei tena asichokisoma.

"Natumaini watamsikiliza," anasema. "Wasipomsikiliza, mimi bado nitakuwa najua nilichofanya."

Vijana mnaoingia katika kazi hii, jambo hili liwaingie masikioni na libaki humo. Mnafundishwa kutoa kazi zenu bure, na hilo ni jema. Mnafundishwa pia kuandika juu yake kwamba hamdaiwi lolote. Hilo la pili liwafae mbele ya sheria tu. Mtu akiumia kwa kazi ya mikono yenu, inukeni, fungeni safari, mkamtazame usoni. Na asiyeweza kufanya hivyo aondoe mikono yake kwenye barua za watu, leo hii.